Tovuti ya studio yetu wenyewe: WordPress, Webflow au kurasa tuli?

mchora_nembo, Dar es Salaam
Wakuu, habari za jioni. Sisi ni studio ya watu watatu hapa Sinza: nembo, vifungashio, mabango, na tovuti za wateja mojamoja. Ya kwetu wenyewe ni aibu. Kazi mpya kabisa iliyopo pale ni kalenda ya 2019. Tumeshaidizaini upya mara tatu na zote zimeishia Figma, programu ya kuchorea, maana kila tukikaribia kumaliza anaingia mteja na haraka yake. Kinyozi hajinyoi.

Nimebaki na njia tatu. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwenye seva ya kulipia hapahapa nchini. Webflow, huduma ya kujenga tovuti kwa kupanga vitu kwenye skrini, kwa sababu mwenzetu mmoja anaijua na msimbo (code) hataki kuuona. Au kurasa tuli, yaani mafaili yaliyokwisha tengenezwa na programu ya Hugo, zikae bure kwenye hifadhi ya GitHub Pages. Kazi za kuonyesha ni kama 12, zitaongezeka labda nne kwa mwaka. Mngechagua ipi? Naomba mtu asiniambie "inategemea".

fundi_seva
Inategemea, mkuu. Hahaha.

Niambie kwanza nani kati yenu ataweka kazi mpya mkishazindua. Kama ni yeyote aliye na nafasi, mimi nasema WordPress. Ipo tangu 2003, fundi wa kuirekebisha humkosi, na kuanzia toleo la 5.9 la 2022 unapanga ukurasa mzima kwa bloku, yaani vipande vya kuunganisha, bila kununua plagini (programu ya nyongeza) ya kupangia.

Ila inataka sevisi kama gari. Niliwahi kukabidhiwa tovuti ya studio iliyokaa miaka miwili bila kusasishwa. Ukiandika anwani yake kwenye kompyuta, iko safi. Ukiifungua kwa simu kutokea Google, inakurusha kwenye kamari. Mwenyewe hakuwa na habari, kwa sababu siku zote yeye anaandika anwani. Wateja ndio waliokuwa wanapelekwa kubeti.

kijani_pwani, Mombasa
Ndugu yangu, mimi niko Webflow mwaka wa tatu sasa. Kwa mdizaini ni raha: gridi, nafasi, mwendo wa picha, vyote unavishika kwa mkono wako. Mambo mawili tu sikuambiwa mapema.

Bili ni ya dola. Huku nalipa kwa M-Pesa GlobalPay, na siku ya kukatwa salio likiwa pungufu utaletewa barua pepe mpaka uchoke. La pili ni kuhama. Kutoa kurasa zako nje kunahitaji mpango wa kulipia, na hata hivyo unapata mafaili ya ukurasa tu: HTML, CSS, JavaScript na picha. Fomu zinakufa. Kazi ulizoingiza kwenye CMS, ile sehemu ya kuhifadhi maudhui, hazitoki na kurasa hizo, unazishusha kando kama faili la CSV, uanze kuzipanga upya. Na usifikirie mpango wa bure: anwani inabaki ya webflow.io, na mteja wa nembo ni mtu anayeangalia vitu kama hivyo.

mama_fonti
Niulize swali baya. Kuna mteja hata mmoja aliyewapata kupitia tovuti? Mimi wangu wote ni "dada nitumie kampani profaili WhatsApp". Natuma PDF, biashara inaanza. Wekeni kazi Behance, mtandao wa wadizaini kuonyesha kazi, tovuti iwe ukurasa mmoja wenye namba ya simu, mrudi kazini.

mchora_nembo
Dada, nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka mwaka huu. Fomu ya zabuni fulani ilikuwa na kisanduku cha anwani ya tovuti. Nikajaza Instagram. Zabuni hatukupata, na sisemi sababu ni hiyo, lakini nilipoandika niliona haya.

fundi_seva
Mama_fonti ana hoja, ila WhatsApp ndiyo inayonifanya nitake ukurasa kwa kila kazi. Mteja wa vifungashio mtumie kiungo cha kazi ya vifungashio, na ukiwa umeweka og:image, ile picha ya kiungo, vizuri kitatokea na picha ya boksi lenyewe ndani ya chati. Ukiwa na ukurasa mmoja mrefu, kila unachotuma kinakuja na picha ileile.

Fomu ya mawasiliano iondoe. Kwenye WordPress, kama hujaunganisha SMTP, njia ya kutumia barua pepe kupitia seva inayoaminika, ujumbe wake mara nyingi unaishia kwenye spamu. Weka kiungo cha kufungua WhatsApp, wa.me/255 kisha namba, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha.

jiwe_tuli
Nimefungua tovuti yenu kwa simu ya kawaida, nikiwa kwenye daladala. Sekunde 11 kabla ya kuona kitu, wakati Google wanataka kitu kikubwa zaidi cha kwenye skrini kionekane ndani ya 2.5. Nikaichungulia: picha ya juu ni bango la A1, JPEG ya megabaiti 4.8, kwenye skrini inaonekana na upana wa vidole vitatu. Nimeipunguza hadi pikseli 1600 na kuihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi. Kilobaiti 190. Ile rangi ya chungwa iko palepale. Mkipandisha picha hiyohiyo Webflow au Hugo bila kuipunguza, bando la mteja litaliwa vilevile.

Mimi ni mtu wa Hugo: mafaili matupu, hakuna hifadhidata ya kudukuliwa, na GitHub Pages inakupa hadi gigabaiti moja. Lakini kwa huyo mwenzenu asiyetaka msimbo, sikushauri. Kila kazi mpya atakupigia simu umwekee wewe.

kijani_pwani
Na mkihama, kabla hamjagusa neimseva za kikoa, yaani zinazoelekeza jina la tovuti yenu, nakilini rekodi zote, hasa MX, ile inayoelekeza barua pepe. Mimi nilibadilisha Ijumaa jioni, tovuti ikawaka vizuri, nikalala. Jumapili ndipo nikashangaa mbona hakuna barua pepe hata moja. Mteja mmoja alikuwa ameshatuma idhini ya kuchapa, ikagonga ukuta.

mchora_nembo
Mrejesho, wiki tatu baadaye. Tumechukua WordPress, themu (muundo wa mwonekano) ya bloku inayokuja nayo, plagini mbili tu: SMTP na bakapu. Hugo niliipenda mimi peke yangu. Webflow imeshindwa kwenye dola.

Kazi 12 zimekuwa sita. Kupanga kurasa kulichukua siku nne, kuandika maelezo ya kazi ndiko kulikokula wiki mbili. Kwenye boksi la chai ya tangawizi tulikuwa tumeandika "utambulisho wa kisasa wenye mvuto". Mwenzangu akauliza, mvuto upi? Tukafuta. Sasa inasema mwenye chai alitaka jina lisomeke na mtu aliyesimama nje ya kaunta ya duka, boksi likiwa rafu ya juu, na chini yake kuna picha mbili tulizopiga tukiwa tumesimama hapohapo nje. Ya kwanza, herufi nyembamba, hazisomeki. Ya pili zinasomeka.

mama_fonti
Hiyo picha ya kwanza ndiyo nataka kuiona. Kiungo kiko wapi?

mchora_nembo
Jumatatu, dada. Kaingia mteja na haraka yake.