Mahandaki ya maji ya kale Uingereza: mkulima aachiwe alime, au alipwe ayatunze?

Wakuu, kila urithi wa vijijini Uingereza unapojadiliwa, kuna hoja haikosi: mahandaki ya maji ya zama za kati, yaani mitaro mipana iliyozungushiwa nyumba, yapo takribani 6,000, basi yatunzwe machache mazuri kama ya nyumba za kale za Ightham Mote kule Kent na Baddesley Clinton kule Warwickshire, kwingine watu walime. Naipinga kwa nguvu zote.

Mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350, hasa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi wa Suffolk, Essex na katikati ya nchi. Hayakuwa ngome za vita. Wenye mashamba wa kadiri walizungushia nyumba zao maji ili waonekane watu wa hadhi, wafuge samaki, na wezi wasiingie kirahisi. Leo pengi nyumba haipo tena. Kimebaki kisiwa cha majani katikati ya shamba la ngano, na handaki lililojaa tope.

Thamani yenyewe imo kwenye tope hilo. Halina hewa, kwa hiyo mbao za daraja, soli za viatu vya ngozi, mbegu na chavua hukaa humo miaka 700 bila kuoza. Ightham Mote imekaliwa na kukarabatiwa karne baada ya karne. Handaki lisilo na jina kule shambani ndilo lenye nafasi kubwa ya kuwa halijaguswa. Mkulima akizika mabomba ya kukausha shamba, hata pembeni tu, tope linakauka na vyote vinaoza. Na anayeleta katapila kulizoa ili apate bwawa la kupendeza anaharibu vilevile.

Sheria ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale inalinda yaliyoorodheshwa rasmi tu. Hata hayo, palipokuwa pakilimwa kihalali, mkulima anaruhusiwa kuendelea kwa kina kilekile. Lakini udongo wa juu ukimomonyoka, kina kilekile kinafika chini zaidi. Mlango huo ufungwe.

Ila mzigo asibebeshwe mkulima peke yake. Alipwe, tena kwa mkataba wa miaka mingi. Machi 2025 serikali ilifunga ghafla maombi mapya ya ruzuku ya kilimo kinachotunza mazingira. Nani ataacha ekari zake ziote majani kwa ahadi ya namna hiyo?

Kwa mnaosema 6,000 ni mengi mno: mtachagua kwa kigezo gani yapi yalimwe, ilhali mengi hayajawahi kufanyiwa uchimbaji wa kiakiolojia?