Tupeane uzoefu: siasa za 2015 zilifanya nini nyumbani kwenu?

Mtu wa Kilosa: Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala konda kapiga kelele "mabadilikooo" na siti za nyuma zikaitikia "Lowassaaa" kama vile ni jana, nikakumbuka mbali sana. Mimi ule mwaka nilipoteza rafiki. Februari 7, 2008 Lowassa anajiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, tulikuwa wote tunaangalia Bunge, jamaa alishangilia mpaka sauti ikakauka. Miaka saba anamwita fisadi. Julai 28, 2015 mzee kahamia upinzani, CHADEMA, jioni naona jamaa kaweka picha yake WhatsApp. Nikamuuliza imekuwaje, akanitoa kwenye grupu. Hatusalimiani mpaka leo na inaniuma. Semeni na nyie, hasa yaliyotokea majumbani.

Bibi wa Nyakato: Kwetu baba na mama walinuniana mpaka Novemba. Tulikuwa tunatumwa sisi watoto, "kamwambie baba yako chakula tayari".

Gwanda Khaki: Mleta mada kuwa muungwana. Lowassa alisema mwenye ushahidi aende mahakamani, nani alienda? Na kashfa ya escrow ya 2014 ilikuwa serikali ya nani? Zaidi ya bilioni 300 zimetoka akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu, waziri kaingiziwa bilioni 1.6 anatuambia milioni 10 alitoa ya mboga. Mboga!! Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa analipwaje mwaka ule?

Kijani Damu: Escrow ilitutia aibu hata sisi wenye kadi ya CCM, sikatai, na mawaziri waliondoka. Ila Dk. Slaa, katibu mkuu wenu CHADEMA, alisimama Mwembeyanga 2007 akasoma orodha ya mafisadi, Lowassa yumo, halafu mnamchukua huyohuyo mnampa bendera agombee urais, Slaa akaachana na siasa. Hilo mnalijibu vipi?

Gwanda Khaki: Jibu ni kura milioni 6. Kabla yake hakuna mpinzani aliyewahi kufika hapo.

Kijani Damu: Na Magufuli wa CCM milioni 8.8. Endelea.

Shemeji wa Masasi: Ngojeni niwape yangu maana hii mada imenigusa pabaya. Jumapili Agosti 23, 2015 ndiyo tulipangiwa kupeleka mahari ukweni, Mbagala. Mchumba wangu mtu wa Masasi, baba yake kiongozi wa tawi la CCM, na Mzee Mkapa, rais wa awamu ya tatu, kwake ni kama ndugu wa damu maana ni wa kwao. Na siku hiyohiyo CCM wanazindua kampeni Jangwani. Mshenga wetu ni baba mdogo, CHADEMA wa kufa na kuzikana, nilimsihi gwanda la chama aliache nyumbani akakubali, akavaa kanzu. Mimi nimebaki nje kwenye gari, dirisha la sebule liko wazi nasikia kila kitu. Mambo yalienda vizuri jamani, wamepiga hodi, wametoa cha kufungulia mlango, mahari imeanzia milioni moja na nusu ikashuka mpaka laki nane, bahasha iko juu ya sinia imefunikwa kanga. Sasa TV ilikuwa inawaka bila sauti kwa heshima ya wageni. Shemeji yangu mdogo kaona Mkapa yuko jukwaani akaongeza sauti ili mzee amsikie mtu wake. Ndiyo ikaja ile ya kuwaita wapinzani wapumbavu na malofa. Mzee akapiga makofi. Baba mdogo akauliza, taratibu kabisa, "Mzee mwenzangu, malofa ndiyo sisi tulioleta mahari?" Mzee akajibu, "Jiwe limerushwa gizani, aliyelia ndiye limempata." Basi. Naona shangazi anatoka viatu mkononi, nyuma yake baba mdogo kabeba sinia, bahasha juu yake, mpaka kanga ya watu kaondoka nayo, na pilau ndiyo lilikuwa linapakuliwa. Binti akatokea mlango wa uani, wanja umemshuka mpaka kidevuni, akaniambia "nenda kwanza". Hilo neno sikulala nalo wiki nzima.

Bibi wa Nyakato: Ukaoa au hukuoa???

Konda Mstaafu: Mkuu umetuacha njiani. Malizia.

Mama Wawili: Huyo mzee hana adabu, mgeni hatukanwi kwako.

Kijani Damu: Mzee kamtukana nani? Kapiga makofi sebuleni kwake. Mshenga kazi yake kumeza, kule kaenda kuomba mke siyo kura.

Konda Mstaafu: Ushauri kwa mabachela, mwaka wa uchaguzi mshenga awe hana kadi ya chama chochote.

Mama Wawili: Wapi, atafutwe mwenye kadi ya chama cha baba mkwe.

Mpemba Halisi: Huko bara mlisusiana pilau. Sisi Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alifuta uchaguzi wote wa Zanzibar Oktoba 28, ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF, chama cha upinzani, ikasusia. Mjomba wangu alifariki mwaka ule, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu aliyekuwa wa kwanza kushika jembe kila msiba wa kwetu, hakuvuka hata kizingiti kusema poleni. Watu walibaguana mpaka maziko na maduka.

Bibi wa Nyakato: Poleni sana. Hiyo ya maziko imenitoa machozi.

Shemeji wa Masasi: Samahani nilikuwa kazini. Nilioa, Disemba ileile. Bibi yake ndiye aliyemkalisha mzee chini, na mshenga tukabadilisha. Baba mdogo hakuja harusini. Machi 2019 Lowassa karudi CCM, mzee kanipigia siku hiyohiyo anacheka, "mwambie baba yako mdogo mgombea wake kesharudi nyumbani". Nikamfikishia. Akanijibu Lowassa kaondoka mwenyewe, yeye yumo CHADEMA tangu enzi za Mtei mwanzilishi na haendi popote. Wajukuu wanao wote wawili, na mpaka leo hawajawahi kukaa meza moja.

Gwanda Khaki: Huyo baba mdogo mpe mkono wangu.

Kijani Damu: Na mzee wa Mbagala mpe wangu.