Kadi ya nne imekaa bure na watu wako foleni. Nakosea wapi?

mtunza_seva:
Habarini wakuu. Nasimamia seva ya idara yetu: kadi 4 za GPU (za kufanyia hesabu nzito), wanafunzi 19. Zamani tulitumia daftari, ikawa kama foleni ya bombani, mtu anatega ndoo halafu anaenda zake. Usiku mmoja nikakuta kadi 3 zimeshikwa na jamaa mmoja, nvidia-smi, amri ya kuangalia matumizi ya kadi, inasoma asilimia 0. Nampigia, yuko harusini, muziki unanipasua sikio.

Nikaweka Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi kwenye seva. Sasa leo saa 7 mchana: A ana kadi 3 mpaka saa 12 jioni. B anataka zote 4, anamsubiri A. Nyuma yake C, kadi 1, masaa 2 tu. Kadi ipo, C hapiti! Nikimpitisha kwa mkono B atanuna, maana C ni mtoto wa shangazi yangu.

foleni_ndefu:
Mkuu, hayo masaa 2 C kakwambia kwa mdomo au kaandika --time, yaani muda wa kazi, alipoituma?

mtunza_seva:
Duh. Hakuandika. squeue, orodha ya foleni, inaonyesha 7-00:00:00, yaani siku 7.

foleni_ndefu:
Ndiyo hapo. Slurm inajaza mapengo yenyewe, mbinu ile ya David Lifka kwenye kompyuta kubwa ya IBM SP pale maabara ya Argonne, Marekani, 1995: wa kwanza foleni anawekewa nafasi yake, wa nyuma anaruhusiwa kupenya iwapo hamcheleweshi. C wako asipotaja muda anahesabiwa kikomo chote cha foleni, siku 7, kwa hiyo anamziba B wa saa 12. Weka DefaultTime, muda anaopewa asiyetaja, iwe ya saa moja, mvivu wa kuandika aumie mwenyewe. Na bf_window, yaani Slurm inatazama mbele kiasi gani ikipanga mapengo, iongeze ifike dakika 10080, maana ya kawaida ni dakika 1440, inaona siku moja tu mbele.

dada_wa_data:
Waonye pia wasipunje muda wanaoandika. Muda ukiisha kazi inakatwa. Mimi ilinikata mazoezi ya modeli yakiwa ukingoni, sikuwa nimehifadhi chochote. Siku hizi nahifadhi kila nusu saa.

mtunza_seva:
Nimepiga scontrol update, nikabadili muda wa kazi ya C: TimeLimit=02:00:00. C kaingia saa 7:40. B kaja mlangoni kakunja uso, nikamfungulia squeue --start, inayoonyesha kazi yake itaanza lini: saa 12 kamili, palepale. Kaondoka bila kuaga, ila kaondoka.