Re: Talaka ya nyumbani, harusi ya Kampala

Dada wa Ntinda aliandika:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nipo Kampala mwaka wa sita sasa. Nilifunga ndoa Mbeya, kanisani, Kilutheri. Mume wangu alihamia Dar kikazi akaanza maisha na mwanamke mwingine, wana watoto wawili. Mahakamani hatujawahi kwenda, kila mtu anaishi kivyake tu. Sasa nimempata Mganda, Mkatoliki, hajawahi kuoa. Anataka kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, iwe Desemba, halafu harusi parokiani kwao. Paroko amemwambia hawezi kuanza chochote kabla ya kuona karatasi za ndoa yangu ya kwanza. Nimeshangaa, maana ile haikuwa ndoa ya Kikatoliki. Mchungaji mmoja wa kanisa la kiroho amesema atatufungisha mwezi ujao, hahitaji karatasi. Je, talaka naweza kuipata hapa hapa Kampala? Na je, Mungu ataniona vipi? Naomba mnisaidie.

Kaka wa Bugolobi aliandika:

Pole sana dada. Mimi naona mfanye kwanjula kwanza, wazazi wabariki. Mambo ya kanisa yatafuata taratibu.

Mama wa Kansanga aliandika:

Tumsifu Yesu Kristu.

Mdogo wangu wa Ntinda, barua yako niliisoma usiku nikakosa usingizi. Mimi ni Mhaya, Mkatoliki, niliachwa Bukoba na watoto watatu, na njia hiyo uliyosimama mwanzoni mwake nimeipita yote. Ninayoandika hapa nimeyaishi.

Kwanza nimjibu kaka wa Bugolobi kwa heshima. Kaka, nia yako ni njema, lakini ushauri huo unaweza kumpeleka dada yetu pabaya. Ndoa yake ya Mbeya ni ya mke mmoja, na ingali hai. Kuishi mbalimbali miaka sita hakujaivunja, hata ingekuwa miaka ishirini. Sheria ya ndoa za kimila ya Uganda, ya 1973, inasema ndoa ya kimila ni batili iwapo mmoja wao ana ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa. Kwa hiyo hizo mbuzi, gomesi na kanzu za Desemba zote zitakuwa zimesimama juu ya hewa. Na akifunga ndoa ya pete huku ile ya kwanza ipo, hilo ni kosa la jinai hapa, kifungo chake ni hadi miaka 5. Anayesamehewa ni yule ambaye mwenzake hajasikika kama yu hai kwa miaka 7 mfululizo. Wako unajua hata mtaa anaoishi.

Talaka uitafute wapi? Sheria ya talaka ya Uganda inataka mwombaji awe na makazi ya kudumu Uganda siku anapofungua shauri. Kibali cha kazi na nyumba ya kupanga Ntinda havitoshi. Mahakama itauliza kwenu ni wapi, unakokusudia kurudi na kuzikwa. Kama jibu lako ni Mbeya, fungua shauri Tanzania. Huko Sheria ya Ndoa ya 1971 inakutaka upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Usilidharau hata kama mumeo hatafika. Akiitwa akakataa kwa makusudi, sheria yenyewe inakuruhusu uendelee mahakamani bila yeye. Zinaa ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na kutelekezwa kwa makusudi miaka 3 au zaidi ni ushahidi mwingine. Wewe una vyote viwili. Hukumu ikitoka, kasajili talaka RITA, ofisi ya usajili ya Tanzania, upate cheti chake, kwa sababu hapa Kampala utaulizwa karatasi, hutaulizwa historia.

Hayo ni ya Kaisari. Sasa lile lililokufanya ushangae.

Paroko hakukuonea, mdogo wangu. Kanisa Katoliki linaamini kwamba Walutheri wawili waliobatizwa wakifunga ndoa kwao, ile ni ndoa halali, na ni sakramenti. Wengi wetu tunadhani Wakatoliki huona ndoa za wengine kuwa si kitu. Ni kinyume. Wanaiheshimu ndoa yako ya Kilutheri kiasi kwamba hawawezi kuiruka. Ajabu yake ni kwamba ungekuwa Mkatoliki uliyefunga bomani tu bila ruhusa ya Kanisa, mambo yangekuwa mepesi zaidi, kwa sababu Mkatoliki anabanwa na utaratibu wa kufunga mbele ya padri na mashahidi wawili. Asipoufuata, ndoa hiyo Kanisa haliihesabu, na kuthibitisha hilo ni suala la nyaraka tu.

Kwa hiyo cheti cha RITA kitakufungua kwa serikali, hakitakufungua kwa paroko. Yeye atataka mahakama ya Kanisa itamke kwamba ile ndoa ilikuwa batili tangu siku ile ile. Na hapa ndipo watu wengi wanapoumia, nami niliumia. Nilikwenda na kilio changu chote: alinitelekeza, alizaa nje, hakutuma hata shilingi ya daftari. Padri aliyeniandikia shauri akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: siku ya harusi, mlikuwa watu wa namna gani? Nilikasirika. Nilitaka anihesabie makosa ya miaka kumi na miwili, yeye anataka asubuhi moja. Nilikuja kuelewa baadaye. Mahakama ile haivunji ndoa, inatafuta kama kifungo cha ndoa kiliwahi kuwapo. Je, mmoja alilazimishwa? Alidanganya juu ya jambo zito? Aliapa uaminifu huku moyoni ameshaamua kutokuwa mwaminifu? Hakuwa na uwezo wa kubeba alichoahidi? Kosa la baadaye linasaidia pale tu linapoonyesha mzizi uliokuwapo tangu mwanzo.

Yupo hata mtu anayeitwa mtetezi wa kifungo, kazi yake kuitetea ndoa yako dhidi yako. Mimi nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumwona. Leo naona ni vyema awepo, maana bila yeye ndoa ya maskini ingefutwa kwa maneno ya mwenye pesa.

Shauri unaweza kulifungua hapa hapa, jimbo kuu la Kampala, ingawa ulifunga Mbeya na ingawa wewe ni Mlutheri. Tangu mabadiliko ya Papa Fransisko yaliyoanza Desemba 2015, mahakama ya mahali unapoishi inatosha, na hukumu moja inatosha. Zamani zilitakiwa mbili zinazokubaliana. Langu lilichukua mwaka na miezi minane, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nawasubiri mashahidi. Kama una watoto, hawawi wa haramu, ondoa hofu hiyo. Ila sitakuficha: jibu linaweza kuwa hapana.

Umeuliza Mungu atakuonaje. Soma tena Mathayo 19 polepole. Wale Mafarisayo waliuliza kama mtu anaweza kumwacha mkewe kwa kila sababu, na swali hilo lilikuwa ugomvi wa wakati wao. Shule ya mwalimu wa Kiyahudi Shamai ilikubali sababu ya uchafu wa zinaa peke yake, ya mwenzake Hileli ilikubali hata mke kuunguza chakula. Yesu alipojibu aliwarudisha kwenye mwanzo, Adamu na Hawa, na kwa jibu hilo mwanamke wa kuunguza mboga alipata ulinzi. Kisha katika Mathayo lipo neno lile, isipokuwa kwa uasherati, ambalo Marko na Luka hawanalo. Makanisa yamegawanyika juu ya maneno hayo machache. Wakatoliki wanayasoma kama miungano iliyokuwa haramu tangu awali. Walutheri na Wareformati, yaani Waprotestanti wa mapokeo ya Kalvini, wanayasoma kama zinaa, na wakaongeza kutelekezwa kutoka 1 Wakorintho 7, pale Paulo anaposema ndugu aliyeachwa na asiyeamini hafungiki. Waorthodoksi, wenzetu wa Namungoona, wanakubali ndoa ya pili, hata ya tatu, lakini kwa sala zenye toba ndani yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyelichukulia jambo hili kwa wepesi.

Ndiyo maana yule mchungaji asiyehitaji karatasi ananitia hofu. Sisemi makanisa ya kiroho ni mabaya, nina ndugu huko wanaofunga na kuomba kunishinda. Lakini mtu anayekufungisha bila kukuuliza ulitoka wapi hajakuchunga. Mweleze mchungaji wako wa usharika Mbeya. Wewe ni upande uliokosewa, mapokeo ya kanisa lako yana nafasi kwa mtu kama wewe, na hata wakikutaka usubiri, wasubiri pamoja nawe.

Neno moja kwa wanaosoma kimya. Kabla ya kuachwa, nilipokimbia kipigo, kiongozi mmoja parokiani aliniambia nirudi nikapigwe, kwa kuwa Mungu anachukia kuachana. Malaki 2:16 inasema hivyo kweli, na mstari huo huo unalaani udhalimu. Sheria ya Kanisa yenyewe inamruhusu mtu kutoka kwa mwenzi anayehatarisha mwili au roho yake au ya watoto. Kutoka si talaka, si zinaa, wala hakukuzuii kukomunika. Nilikaa miaka minne bila ekaristi kwa sababu hakuna aliyeniambia hayo, na sina hamu mwingine apoteze hata wiki moja.

Dada wa Ntinda aliandika:

Shikamoo mama. Nimelia, lakini nimepumua. Mchumba naye amesoma, amekubali kuahirisha Desemba. Jambo moja: ukweni wanasema nikidai talaka nirudishe mahari, ng'ombe wanane. Mchumba anasema hapa Uganda ilishakatazwa. Na mashahidi niwatoe wapi, wazee wote wako Mbeya?

Mama wa Kansanga aliandika:

Marahaba mwanangu. Mchumba yuko sahihi kwa upande wa Uganda. Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ivunjike ni kinyume cha katiba. Lakini hukumu hiyo haivuki mpaka. Suala la ng'ombe lipeleke baraza na mahakama ya kwenu, usilipe kitu kwa simu.

Mashahidi hawalazimiki kuja. Mahakama ya Kanisa ya hapa huomba jimbo kuu la Mbeya liwahoji huko huko. Tafuta waliowajua kabla ya harusi: msimamizi wako, dada yake mumeo kama ana roho ya haki, rafiki aliyekuwa akisafiri naye. Waliokujua Kampala watasaidia kidogo tu.

Jumapili nipo Rubaga, misa ya asubuhi. Njoo na cheti cha ndoa, cha ubatizo, na daftari. Tutakaa chini ya mti tuandike majina, ukimaliza tunapanga safari yako ya Mbeya. Mabasi ya kupitia Mutukula nayajua, na Bukoba kuna kitanda.