Tele ya dola 1,800 kwa salo yenye jua kali: OLED au mini-LED?

Wa_Muhumba
Habari zenu wakubwa. Salo ni mita 5 kwa 4, hapa Bukavu, Muhumba. Madirisha mawili makubwa yanaangalia ziwa upande wa magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia moja kwa moja, na lile linalopiga kwenye maji linarudi hadi darini. Rido ni nyepesi. Tele imepangiwa ukuta unaotazamana na madirisha, viti viko mita 2.7. Tunaangalia zaidi mpira, Linafoot (ligi ya Kongo) na ligi za Ulaya, mchana. Filamu usiku, mara chache. Bajeti ni dola 1,800 kwa inchi 65. Dukani wananisukumia OLED. Niichukue?

Fundi_Kadutu
Kwa mpira wa saa tisa mchana katika salo hiyo, usiichukue.

OLED haina taa ya nyuma, kila nukta inajiwakia yenyewe. Picha ikiwa na kipande kidogo cheupe, tuseme taa ya gari usiku, kipande hicho kinaweza kupita niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini). Sasa weka uwanja wa mpira: majani yenye jua yanajaza skrini nzima. Nukta zote zinadai umeme kwa pamoja, na tele inajipunguza yenyewe isipate moto. Ukipima skrini nzima nyeupe, OLED nyingi hubaki kati ya niti 150 na 300. Mini-LED, yaani LCD yenye taa ndogondogo nyingi nyuma ya paneli, ikiwa nzuri hushika 500 hadi 800 kwa picha hiyohiyo. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kile kipande kidogo, haikusaidii kitu siku ya mechi. Muulize muuzaji niti za skrini nzima. Akikutolea macho, tafuta majaribio ya modeli hiyo mtandaoni.

Kingine ni alama ya chaneli na ubao wa matokeo. Vinakaa pembeni pale pale dakika 90, na wewe kwa sababu ya jua utakuwa umepandisha mwanga hadi mwisho. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuichosha OLED sehemu moja, alama ibaki kama kivuli.

Kwenye mini-LED angalia aina ya paneli, ziko mbili kubwa: VA na IPS. VA ina weusi mzuri kuliko IPS, lakini aliyekaa pembeni kabisa anaona rangi zimepauka. Kama wageni wanapanga viti hadi ukutani, tafuta VA yenye utando wa kupanua pembe. Modeli za juu za Samsung na Sony huwa nao. Hisense U8 na mini-LED za TCL zinatoa mwanga mwingi kwa bei ya chini, ila ukae katikati.

Nguba_Juu
Mbona hakuna aliyegusa ule ukuta? Tele inayotazamana na dirisha la magharibi ni kioo cha kujitazamia. Hata ukiwa na niti 2,000, jua lina nguvu kuliko hizo.

Fanya hivi kabla ya kutoa dola hata moja. Chukua kioo cha kawaida, mtu akishike bapa ukutani pale tele itakapokaa, saa kumi jioni. Wewe kaa kwenye kiti chako. Unachokiona ndani ya kioo ndicho kitakachoonekana juu ya picha. Sogeza kioo pembe zote za skrini, kisha jaribu ukuta wa kusini na wa kaskazini. Hapo mwanga unapita kwa ubavu na mrudisho unaangukia mbali na viti.

Ukilazimika kubaki pale pale, nunua bano la kuinamisha. Digrii 5 kuelekea chini zinatosha mara nyingi kuondoa lile dari linalong'aa, maana skrini sasa inaakisi sakafu. Lakini jua lenyewe likiwa chini, saa kumi na moja, bano haliwezi kitu. Hapo ni rido nzito tu. Na usiache miale ipige skrini kila siku: joto linaharibu paneli, OLED na LCD vilevile.

Pikseli_Moja
Niongeze kuhusu skrini ya kioo cha mati, kile kisichong'aa, maana wauzaji wanakiuza kama dawa. Hakiondoi mwanga, kinautawanya. Badala ya kuona umbo la dirisha unaona ukungu, na weusi unageuka kijivu. Samsung S95D ya 2024 ni OLED yenye kioo hicho, na picha ya dirisha inapotea kweli. Ila ni QD-OLED, aina ya OLED isiyo na polaraiza (utando unaomeza mwanga wa nje), kwa hiyo mchana weusi wake unavuta kwenye zambarau. Usiku inapendeza mno. Kwa mtu wa mpira wa mchana, ni pesa mahali pasipo pake.

Wa_Muhumba
Asanti sana. Nimejaribu kioo: ukuta wa kusini hauonyeshi dirisha, ila viti vitarudi hadi mita 3.2. Nipande inchi 75?

Fundi_Kadutu
Kwa mita 3.2 inchi 75 ingependeza, lakini kwa dola 1,800 utapata 75 hafifu au 65 yenye mwanga. Chukua 65.

Ukiiwasha, kwanza zima kuokoa umeme. Ndiko kunakofanya watu waseme tele mpya ina giza. Kisha modi ya filamu, taa ya nyuma juu kabisa, gama (mpangilio wa vivuli kati ya giza na mwanga) 2.2. Usiende 2.4, hiyo ni ya chumba cheusi, mchana itameza vivuli vyote. Modi ile ya rangi kali inafanya nyuso kuwa za bluu.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukipanda na kushuka, weka stabilizata ya volti-ampea 1,000 inayochelewesha kuwasha umeme unaporudi. Umeme ukirudi, pigo la kwanza ndilo linaloua pawasaplai. Na kama tele imetoka Marekani, soma lebo ya nyuma kabla ya kulipa. Ikiandikwa 100–240V ni sawa, ila kipokezi cha ndani hakitashika antena ya huku, utatumia dekoda. Ikisema 120V peke yake, iache dukani. Transfoma nzito itanguruma salo nzima.