Kolkata 2001: kwa nini Laxman na sio Harbhajan?

Kichwa_Ngumu:
Wadau habari zenu. Mi nimezoea kriketi ya ova 20 (ova ni mipira 6), hizi za Test, zile za siku 5, nimeanza kuzifuatilia juzijuzi tu, sasa jana nimekaa nikaangalia mambo ya ile mechi ya India na Australia pale Eden Gardens Kolkata, Machi 2001. Kila mtu anaimba Laxman Laxman, mpigaji wa India, mikimbio zake 281, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi akapewa yeye. Sawa, 281 sio mchezo. Lakini Harbhajan, mrushaji wa India, kachukua wiketi 7 (yaani kawatoa wapigaji 7) zamu ya kwanza na 6 zamu ya pili, jumla 13, na hatriki juu, yaani wiketi 3 kwa mipira 3 mfululizo! Mtu kamaliza zaidi ya nusu ya timu pinzani mara mbili halafu anakuwa msindikizaji? Nisaidieni, Test mnaipimaje, kwa anayepiga au kwa anayerusha? Na hiyo folo-oni wanayoitaja kila dakika ndo nini hasa?

Vijiti_Vitatu:
Karibu mkuu, umeanzia penyewe kabisa.

Folo-oni kwanza maana bila hiyo huwezi kuielewa hii mechi. Kwenye Test ya siku 5, timu iliyopiga kwanza ikikuzidi mikimbio 200 au zaidi baada ya kila mtu kupiga zamu moja, nahodha wao anaruhusiwa kukurudisha ukapige tena hapohapo, wao wanapumzika zamu yao. Australia walipiga 445, India wakatolewa kwa 171 tu, McGrath wa Australia aliwachukulia wiketi 4 kwa mikimbio 18, yaani alikuwa anawatesa. Tofauti 274. Steve Waugh, nahodha wa Australia, akasema rudini mkapige. Na mtu yeyote angesema hivyo, Australia walikuwa wameshinda Test 16 mfululizo, India walishafungwa ya kwanza Mumbai kwa wiketi 10, nani angeogopa?

Sasa kuhusu swali lako, mi niko na Laxman na sioni aibu. Timu iko nyuma kwa 274 na wewe unaingia namba 3. Zamu ya kwanza alipiga namba 6 akatoka wa mwisho na 59, wakaona huyu ndo pekee anayewasoma hawa jamaa, wakampandisha, Dravid akashushwa kuwa namba 6. Hiyo badilisha ya nafasi tu ndo iligeuza mechi yote. Mipira 452, nne 44, zile za mpira kufika mpakani. Kwa wakati ule hakuna Mhindi aliyewahi kufikisha hizo kwenye Test, Gavaskar alikuwa na 236, na hakuna aliyempita Laxman mpaka Sehwag alipopiga 309 Multan mwaka 2004.

Spini_Kwanza:
Vijiti bwana we kila siku ni wapigaji tu 😂

Kichwa_Ngumu uko sahihi na usikubali kuyumbishwa. Test haishindwi kwa mikimbio, inashindwa kwa wiketi 20. Ungepiga hata elfu, usipowatoa wenzio ni sare, mnapeana mikono mnaenda nyumbani. Na angalia alikuwa nani anarusha, kijana wa miaka 20, Kumble ameumia bega hayupo, spini yote, ile mipira inayogeuka ikitua, imemwangukia yeye.

Hatriki yenyewe siku ya kwanza: Ponting LBW (mpira umemgonga mguuni badala ya gongo wakati ulikuwa unaelekea kwenye vijiti), Gilchrist LBW, halafu anaingia Warne. Mpira unagusa gongo lake kidogo unaelekea chini, Ramesh yupo karibu kabisa upande wa mguu anajirusha anaunyakua, waamuzi hawana uhakika wanampelekea mwamuzi wa tatu kwenye tivii, uwanja mzima umesimama unasubiri, taa inawaka, OUT. Ndo hatriki ya kwanza ya Mhindi yeyote kwenye Test. Australia wametoka mikimbio 252 kwa wiketi 4 (wapigaji 4 wametolewa) wakawa 252 kwa 7 bila kuongeza hata mkimbio mmoja. Angekuwa na msaada upande wa pili wasingefika hiyo 445, Waugh na Gillespie waliongeza 133 wiketi ya tisa, inaudhi mpaka leo.

Na mfululizo mzima wa mechi 3 alichukua wiketi 32, Chennai peke yake 15. Tuzo ya mfululizo walimpa yeye, angalau hapo waliona.

Bi_Ova:
Nyie wote wawili mnagombana kama kwamba siku ya nne haikuwepo. Mimi nataka tuongelee siku ya nne.

India wameianza wakiwa 254 kwa wiketi 4, yaani bado wako NYUMA, Laxman na Dravid ndani. Jioni ni 589 kwa 4. Siku nzima hakuna wiketi hata moja, mikimbio 335. Waugh kajaribu watu 9 kurusha, mpaka wapigaji kama Langer na Slater wamepewa mpira jamani, ukiona Langer anarusha ujue nahodha kaishiwa. Laxman mgongo unamsumbua, Dravid mwenyewe alikuwa hajisikii vizuri na wako palepale wanakimbia.

Na nenda kaangalie Laxman anavyomfanyia Warne, mrusha spini wa Australia. Warne anatua mpira pale pachafu nje ya mguu, ambapo viatu vya warushaji vimeshachimba, mpira unageuka vibaya sana, mpigaji wa kawaida hapo anaukinga kwa pedi basi. Laxman anautoka, hatua mbili mbele, anaupiga kufuata unavyogeuka kupitia upande wa kulia, wanahamisha mtu huko, mpira unaofuata uleule anaugeuza kwa kifundo cha mkono upande wa mguu, kinyume na unavyogeuka. Palepale mpira ulipotua, anachagua yeye uende wapi. Warne alimaliza na wiketi 1 kwa mikimbio 152. Warne huyo!

Wote mnamsahau Dravid pia, 180, ushirikiano wa 376. Zamu ya kwanza alipiga 25, watu walikuwa wanamsema. Mi nampenda zaidi Dravid hapa kuliko Laxman lakini najua niko peke yangu.

Vijiti_Vitatu:
Hauko peke yako Bi Ova ila Dravid kila mtu anamheshimu halafu anaangalia Laxman 😅

Spini_Kwanza:
Sikatai siku ya nne ilikuwa balaa. Lakini siku ya tano asubuhi Ganguly, nahodha wa India, anafunga zamu (anaamua wamepiga vya kutosha) na 657 kwa 7, Australia wanatakiwa 384, na muda uliobaki hautoshi kukimbiza hizo, wanachohitaji ni kukaa tu. Mpaka 166 wako na wiketi 3 tu zimeanguka, Hayden yuko vizuri, sare hiyo inaonekana. Halafu Harbhajan anamtoa Waugh, Ponting anamfuata kwa ziro, 166 kwa 3 ikawa 174 kwa 8. Mikimbio 8 wiketi 5! Wakaisha 212, India kashinda kwa 171. Sasa niambieni, bila hiyo jioni, 281 ingekuwa stori gani? Sare nzuri, mtu anasifiwa wiki mbili inasahaulika.

Bi_Ova:
Kwenye hizo 5 Spini umemficha Tendulkar 😏 Hayden, Gilchrist na Warne aliwatoa yeye, wote LBW, kwa zile spini zake za mara mojamoja. Na Gilchrist alitoka mpira wa kwanza zamu zote mbili, mtu ambaye Mumbai ametoka kupiga 122.

Spini_Kwanza:
Tendulkar nampa, nampa. Tatu zake zilikuwa dhahabu.

Mzee_wa_Tosi:
Nimewasoma. Nyote mnaongelea nani kafanya nini, hakuna aliyeongelea saa. Australia walitolewa kwenye ova ya 69, kulikuwa kumebaki ova chache tu mechi iishe. Laxman angepiga hizohizo 281 kwa mwendo wa kobe, Harbhajan asingekuwa na muda wa kumaliza kazi. Alipiga kwa kasi ya wastani wa zaidi ya 60 kwa mipira mia, akiwa nyuma kwa 274! Hapo ndo tuzo yake ilipo. Wangekuwa wawili wangegawana, lakini kikombe ni kimoja, mi ningempa Laxman kwa pua tu.

Na Waugh msimlaumu sana kwa ile folo-oni. Warushaji wake walikuwa wamechoka na bado akaamini, kwa mwendo waliokuwa nao ilieleweka. Kabla ya pale ilishatokea mara mbili tu timu kushinda ikitokea folo-oni, England 1894 na 1981, zote dhidi ya haohao Australia. Lakini siku hizi manahodha wengi wana uongozi wa 250 na wanaenda kupiga tena wao, wanaogopa mzimu wa Kolkata.

Kichwa_Ngumu:
Asanteni sana wakuu, hiyo ya muda sikuiona kabisa, kwenye ova 20 muda hauna maana hiyo. Bado mi kura yangu Harbhajan lakini sasa nimeelewa mnachobishania. Hivi baada ya hapo imetokea tena mtu kushinda kutoka folo-oni?

Mzee_wa_Tosi:
Imetokea, Wellington, Februari 2023, New Zealand na England. England walitakiwa 258 wakaishia 256, wamefungwa kwa MKIMBIO MMOJA, Anderson kagusa mpira wa Wagner upande wa mguu, kipa Blundell kadaka. Anza na siku ya tano, usisome matokeo zaidi ya haya niliyokwambia, na usiangalie ukiwa na kazi nyingine ya kufanya.

Vijiti_Vitatu:
Mzee umeshamwambia mwisho wote sasa atasoma nini 😂😂