Naomba ushauri: Oldenburg ilinusurikaje Vita vya Miaka 30?

Wakuu, naandaa makala kuhusu Graf Anton Günther, mtawala wa Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Jeshi la mamluki la Mansfeld, jemadari wa upande wa Waprotestanti, lilipoingia Friesland Mashariki mwaka 1622, lilikamua jirani hiyo vibaya. Anton Günther hakuegemea upande wowote, akawatuliza majemadari, akiwemo Tilly wa upande wa Wakatoliki, kwa mazungumzo na zawadi za farasi wake mashuhuri.

Lakini farasi hula fedha. Mwaka 1623 Kaisari Ferdinand II, mkuu wa Dola Takatifu la Kiroma, alimruhusu kutoza ushuru wa meli mtoni Weser, kituo kikiwa Elsfleth. Bremen, mji wa biashara kwenye mto huo, iliupinga hata baada ya mkataba wa Westphalia, uliomaliza vita hivyo mwaka 1648, kuuthibitisha. Ilipigwa marufuku ya Kaisari (yaani kuondolewa ulinzi wa sheria za dola) mwaka 1652 ndipo ikalegea.

Nijenge hoja kuu kwenye ushuru, au kwenye diplomasia ya farasi? Mimi naegemea ushuru.